Nilivyokwenda Kumchukua Salma

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ameniuliza kwa namna yake. Wengine mmepiga simu mkasema mnanijulia hali tu, kisha mkanyamaza mkisubiri niendelee. Mmoja wenu, aliyeniletea mchele na viungo nikiwa karantini, aliviweka nje ya mlango, akarudi nyuma, akawa anachungulia kwa mbali kama ataona viatu vidogo. Nawajibu wote kwa pamoja, maana sisi Waswahili wa huku Japani ni wachache na habari nusunusu zinatugombanisha. Nilikwenda Sydney kumchukua mwanangu Salma. Nimerudi peke yangu. Habari za viza na vibali nitaziruka, kila mmoja wetu anazo za kwake na hazina ladha. Haya mengine nitayasema yote.

Shuleni, kabla ya kuondoka

Kwa msionifahamu vizuri: nilisoma Sydney, Salma nikamzaa hukohuko, baba yake akashika njia yake. Nilipopata kazi ya kufundisha Kiingereza kwenye shule ya msingi huku Shizuoka, Salma alikuwa na miaka mitatu na kitu. Nikamwacha Doonside kwa dada yangu Mwajuma. Tulikubaliana nitangulie, nipate nyumba, nizoee kazi, halafu nimfuate baada ya miezi michache. Ikaja korona, mipaka ikafungwa, na hiyo miezi michache ikakaribia miaka miwili.

Kwa wakati wote huo nimeishi na watoto wa watu. Asubuhi nasimama getini na barakoa, nawainamia mmoja mmoja, nao wananiinamia. Nabadili viatu, nampima joto kila mtoto, naanza kuimba ABC kwa sauti ya chini kwa kuwa kuimba kwa nguvu kumekatazwa. Mchana tunakula darasani, wote tumetazama ubao, hakuna kuongea mpaka sahani ya mwisho iondoke. Nimefundisha watoto ambao vinywa vyao sivijui. Mmoja alipoanguka mbele yangu na barakoa ikamvuka, nilishtuka kuona ana mwanya.

Halafu kuna mazoezi ya tetemeko. Zoezi langu la kwanza, kipaza sauti kilipolia, niliingia chini ya meza pamoja na watoto nikashika mguu wa meza kwa nguvu zangu zote. Mwalimu mkuu msaidizi, mzee mpole asiyepandisha sauti, alikuja akainama mpaka macho yetu yakakutana kule chini. Akaniuliza, "Mwalimu Asha, na mlango?" Ndipo nikafundishwa. Watoto wanaingia chini ya meza, mwalimu anakimbilia mlango na kuufungua kwanza, kwa sababu nyumba ikipinda mlango unakwama na darasa zima linafungiwa ndani. Ukishafungua ndipo unawarudia. Tumerudia zoezi hilo mara nyingi hadi miguu yangu inalijua kuliko kichwa changu.

Siku ya kuaga niliwaomba radhi walimu wenzangu wote kwa usumbufu wa kuchukua likizo, kama ilivyo desturi. Mwalimu wa darasa la pili akaniambia, "Ukirudi na binti yako, tutamwekea kabati la viatu." Nikacheka, lakini moyoni nilikuwa na hofu niliyokuwa sijamwambia mtu. Sikuogopa ugonjwa peke yake. Niliogopa kwamba mtoto atakataa kuja nami.

Angani

Uwanja wa Narita ulikuwa mtupu, maduka yamevutwa mapazia ya chuma, na nyayo zangu zilinirudia kutoka ukutani. Ndege ilichelewa na hakuna aliyetuambia sababu. Tulikaa mbalimbali, kila mtu akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Mzee mmoja alikohoa mara moja tu, watu watatu wakahama viti.

Ndani ya ndege kulikuwa na safu nzima nzima zisizo na mtu. Mhudumu alikuja amevaa miwani, glavu na joho la plastiki, akaniwekea chakula bila kusema neno. Nikajikuta nimeshusha barakoa, nimekula harakaharaka nikitazama mbele, nimepandisha barakoa. Kijana wa Kiaustralia ng'ambo ya njia alinitazama akatabasamu. "You eat like you're being timed," akasema, kwamba nakula kama mtu anayehesabiwa dakika. Nilitaka kumweleza habari za shule yetu, nikaona ni ndefu, nikainamisha kichwa tu. Yeye akadhani nimekasirika, akageukia dirishani mpaka tulipotua.

Sydney, chumba cha dirisha lisilofunguka

Pale uwanjani tulipokewa na polisi na wanajeshi. Walikuwa na adabu, mmoja alinibebea begi, lakini kubebewa begi na mwanajeshi asiyekuambia unapelekwa wapi si jambo la kukutuliza. Tulipakiwa kwenye basi. Mama mmoja akauliza ni hoteli gani, akajibiwa tutaiona tukifika. Nimeishi mji ule miaka, nimepanda mabasi yake kutoka Kensington nikiwa mwanafunzi nisiye na kitu, lakini siku ile nilikaa kama mgeni kabisa, nikihesabu kona ili nikitaka kutoroka nijue njia. Kutoroka kwenda wapi, sijui.

Wiki mbili nilikaa ndani ya chumba ambacho dirisha lake halifunguki. Chakula kilikuja kwenye mfuko wa karatasi, wanagonga, unasubiri waondoke, unavaa barakoa, unafungua, unachukua. Kila mfuko ulikuwa na tufaha. Mimi si mla matufaha, nikayapanga dirishani. Kila siku nesi alipiga simu kuuliza dalili. Siku ya pili au ya tatu akapiga mwingine, akalisoma jina langu, halafu Kiswahili kikatoka.

"Asha, hiyo jina ni ya coast. Wewe ni wa Mombasa ama TZ?"

"Tanga," nikasema, na machozi yakanilengalenga kwa kusikia tu.

"Sawa, dada. Una cough? Fever? Taste iko?"

"Ladha ipo, chakula ndicho hakina."

Alicheka sana. "Kula hizo apples. Utatoka tu. Hiyo place si jela, ni vile tu inafanana."

Kicheko hicho kilinishikilia kwa siku kadhaa, mpaka jirani yangu wa ukutani alipoanza kukohoa. Sikuwahi kumwona. Nilikijua kikohozi chake tu, kikavu, kila baada ya muda kidogo, na nilipokisikia nilijishika koo langu kuona kama linawasha. Asubuhi moja nilisikia magurudumu kwenye korido. Nikachungulia tundu la mlango, nikaona watu waliovaa plastiki tangu kichwani hadi miguuni wamesimama mlangoni kwake. Baada ya hapo kikohozi sikukisikia tena. Nilimuuliza yule nesi Mkenya mtu yule amepelekwa wapi, akasema, "Hiyo siwezi kukuambia, mum." Nilipangusa kitasa cha mlango wangu siku nzima. Nilikuwa naogopa kufa, na zaidi ya kufa niliogopa kumpelekea Salma ugonjwa, niwe mama aliyekaa miaka miwili asije, halafu akaja na kifo.

Vipimo vyangu vyote vilitoka safi. Nilipoambiwa ninaweza kwenda, niliogopa kuvuka kizingiti.

Teksi hadi Doonside

Dereva aliyenichukua anaitwa Déo, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, siku hizi anakaa Granville. Alinitambua kwa mtandio. Alifungua madirisha yote manne, baridi ya asubuhi ikatuchoma.

"Usikasirike, mama," akasema. "Mimi nilifanya test juzi, résultat iko négatif. Lakini nyumbani niko na mtoto wa asthme, siwezi kucheza."

Nilimwambia ninakwenda Doonside kwa dada yangu. Akanitazama kwenye kioo. "Doonside ni huku kwetu, area of concern, corona iko mingi. Saa tatu ya usiku hakuna mtu inje. Wasoda, watu ya jeshi, wanapita kwa milango wanauliza nani iko ndani. Unaona ile hélicoptère?" Niliiona. Ilikuwa inazunguka juu ya nyumba pale upande wa magharibi, chini kiasi kwamba mlio wake uliingia tumboni.

Njia ile niliyoizoea ikiwa imejaa magari ilikuwa wazi. Tulipofika karibu na Parramatta polisi walitusimamisha, Déo akaweka mikono yote miwili juu ya usukani kabla hajaulizwa chochote. Waliangalia, wakaturuhusu. Alipoondoa gari niliona jasho shingoni mwake licha ya baridi.

"Sisi tulitoka mbali," akasema. "Ukiona uniforme, mikono inaenda yenyewe."

Nilimwambia ninamfuata mwanangu, nimpeleke Japani. Hakusema hongera. Aliuliza, "Yeye anataka?" Nikamjibu kwamba ana miaka mitano. Tulipofika kituo cha treni cha Doonside akauliza tupite kushoto au kulia.

Mlangoni kwa dada

Nyumba ya Dada Mwajuma ni ya matofali, nyuma kuna kamba ya kuanikia ile inayozunguka na upepo, na siku ile ilikuwa imejaa sare zake za kazi. Yeye anauguza wazee kwenye nyumba ya kulea. Mumewe yuko Perth, naye alifungiwa na mpaka, hajaonekana mwaka mzima. Kwa hiyo ndani ni wao wawili, Dada na Salma.

Nilibonyeza kengele. Halafu, wallahi, sijui ni nini kilinipata. Huku kwetu shuleni kila mwanzo wa mwaka mwalimu huzungukia nyumba za wanafunzi, na tangu korona anasimama nje, anarudi nyuma hatua mbili, anakunja mikono na kuinama, haingii. Ndivyo nilivyofanya. Nilisimama mbali na mlango wa dada yangu wa tumbo moja, barakoa usoni, mikono imekunjwa, nimeinama.

Pazia likasogea. Nikasikia sauti ambayo kwa miaka miwili nilikuwa naisikia kwenye simu, sasa iko nyuma ya kioo tu. "Mamkubwa, it's the test lady."

Alidhani nimekuja kuwatia vijiti vya pua.

Dada alifungua mlango, akanitazama nilivyoinama. "Asha, unamwinamia nani? Ingia. Au mpaka tukupe kibali?" Akanivuta, akanikumbatia, na mimi nikajikaza kama ubao kwa kuwa nilikuwa sijaguswa na mtu siku nyingi. Salma alikuwa chini ya meza ya kulia chakula. Dada alinieleza baadaye kwamba tangu wanajeshi waanze kupita, mlango ukigongwa mtoto huingia pale.

Nilivua barakoa, nikachuchumaa. "Salma, ni mimi. Mama."

Alinitazama sana. "You're the phone one," akasema. Wa kwenye simu. Hakusogea.

Mchana Dada alitandika mkeka, akaleta sinia la pilau, Salma akakaa ubavuni pake. Mimi nilijipakulia kisahani changu, nikageukia ukuta, nikala kimya. Sikujua nafanya hivyo mpaka Dada aliposema, "Wewe, unakula au unasali? Au umetuona tuna ugonjwa?" Nikageuka haraka. Salma alikuwa ameacha kula, ananitazama kama mgeni aliyekasirika bila kukosewa. Dada akamlisha tonge. Kisha akasema taratibu, bila kunitazama, "Kuzaa si kazi, mdogo wangu. Kazi kulea." Nilijua hakukusudia kunichoma, na ilinichoma vilevile.

Niliwaambia nimekuja na tiketi mbili za kurudi. Dada akasema tutaona.

Asubuhi ya tetemeko

Siku zilizofuata nilimwendea mtoto polepole. Nilimsuka nywele. Nilimfundisha kukunja karatasi ikawa ndege. Akiwa mezani kwenye darasa lake la kompyuta, nilikaa kiti cha pembeni yake, na siku moja aliniegemea bila kukusudia, nikakaa bila kupumua ili asikumbuke kuondoka. Kulia anamjibu Dada kwa Kiingereza, kushoto ananijibu mimi kwa Kiingereza, lakini kila neno la Kiswahili analielewa. Nikaanza kuamini kwamba tiketi ya pili itatumika.

Asubuhi moja Dada hakuwa na zamu, alikuwa jikoni anakaanga maandazi. Salma yuko mezani, mwalimu wake anasoma hadithi kutoka kwenye kompyuta. Vikombe kabatini vikaanza kugonganagongana. Taa ikayumba. Mtu mwingine angedhani ni lori limepita. Mimi miguu yangu haikunisubiri. Nilipiga kelele kwa Kijapani, niliruka, nikakimbilia mlango wa mbele, nikaufungua wote mpaka ukagonga ukuta, nikasimama pale nimeushikilia.

Ilikuwa sekunde chache. Tetemeko lenyewe lilipiga mbali, jimbo la kusini, kwetu lilifika limechoka. Nilipogeuka, vikombe vilikuwa vimetulia. Dada alikuwa sakafuni, mwiko ungali mkononi, amemfunika Salma kwa mwili wake. Baridi iliingia kupitia mlango nilioufungua. Kwenye kompyuta yule mwalimu alikuwa anauliza, "Is everybody okay?"

Salma alikuwa analia. "She ran to the door," alimwambia Dada. "She was going again."

"Anasema ulikimbilia mlango," Dada akasema, kana kwamba sikusikia. "Anasema ulikuwa unaondoka tena. Hata mimi niliona hivyo, Asha. Nyumba inatikisika, mtoto yuko hapa, wewe unakimbilia nje?"

"Ndivyo tunavyofundishwa. Mlango kwanza."

"Nani kakufundisha kumwacha mtoto?"

Maandazi yaliungua, moshi ukajaa, na hakuna aliyekwenda kuzima jiko kwa muda.

Mwishowe niliufunga mlango, nikatambaa chini ya meza, mimi mtu mzima na magoti yangu. Nikashika mguu wa meza. Nikasema huko shuleni kwangu kuna watoto wengi, ardhi ikitikisika wanaingia hivi, wanashika hivi. Salma aliacha kulia kidogo kidogo. Akaja akachungulia.

"Who opens the door?"

"Mwalimu. Ili usikwame, watoto wapate pa kutokea."

"And then?"

"Halafu anarudi kwa watoto."

Aliwaza. Akaingia chini ya meza, mbali nami, akashika mguu mwingine. "Do it," akasema.

Nikatoka, nikakimbilia mlango, nikafungua, nikarudi nikaingia chini. "Again," akasema. Tulirudia mpaka Dada akatuambia tunaingiza baridi. Kila nilipofika mlangoni nilihisi macho yake mgongoni, na kila niliporudi alikuwa amesogea kidogo kunipa nafasi. Mara ya mwisho bega lake lilikuwa limegusa langu.

Mngedhani hapo nimeshinda. Mimi hapo ndipo nilipoingiwa na hofu kubwa kuliko zote za safari hii, nikiwa pale chini, nimejibana na mwanangu. Huku Shizuoka kila mtu anasema tetemeko kubwa litakuja. Likija mchana nitakuwa shuleni, natimiza kazi yangu. Nitawafungulia mlango watoto wa watu. Salma atakuwa kwenye shule nyingine, lugha haijui, chini ya meza, akitazama mlango.

Nilimwambia Dada hivyo tukinywa chai. Nilitegemea atafurahi kubaki naye. Hakufurahi. Alisema, "Sasa sikiliza. Mimi sikulelei mtoto wako ili nikupokonye. Lakini umekuja kama mgeni, kama mtu wa kuchukua mzigo. Nenda kamalize mkataba wako, usiwaachie watu kazi njiani. Halafu usije kumchukua. Njoo ukae."

"Na nikichelewa? Mipaka ikifungwa tena?"

"Hata mimi naogopa hilo," akasema, akanimiminia chai nyingine.

Kurudi

Ndiyo maana, wenzangu, nawaambia sasa kabla hamjasikia kwa mwingine: mwezi wa tatu shule ikifunga mwaka, nahama Japani. Nimeshamwambia mwalimu mkuu msaidizi. Aliinama, nami nikainama, kisha akasema kabati la viatu la binti yangu watampa mtoto mwingine. Sufuria kubwa aliyekuwa akiitamani aje aichukue.

Siku ya kuondoka Sydney, Déo alikuja asubuhi, akapiga honi mara moja. Dada alinikumbatia, safari hii sikujikaza. Nikamtafuta Salma nimuage, sikumwona. Nikainama.

Alikuwa chini ya meza, ameshika mguu mmoja kwa mikono miwili. Nilimweleza tena niliyokuwa nimemweleza kwa siku nyingi, kwamba nitakaa kidogo kisha nije kuishi hapa. Hakuangalia sura yangu. Alikuwa anatazama mlango. Alikuwa amejibana upande mmoja kabisa mpaka bega lake limegusa ukuta, na pale pembeni yake pamebaki nafasi ya mtu mzima.

"Open it," akasema. "Then come."

Nikaufungua.